Kutoka Meza ya Disii hadi Skrini: Watu Wenye Ulemavu na Huduma za Serikali katika Wajir na Garissa

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo kabla ya katiba ya 2010 ziliunda Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya, huduma ya serikali kwa muda mrefu ilikuwa kitu ambacho mwananchi alikifuata kilipo, tena baada ya kuthibitisha kwamba anastahili kukipata. Meza ya disii, yaani mkuu wa wilaya, daftari la usajili, foleni ya uhakiki na, katika miaka ya karibuni, ukurasa wa tovuti, vyote vilitengenezwa kwa kudhani kwamba anayekuja ana macho ya kusoma, masikio ya kusikia jina lake likiitwa, vidole vya kuacha alama na miguu ya kumfikisha. Mjadala wa leo kuhusu tovuti za umma zinazofikika, yaani tovuti ambazo mtu mwenye ulemavu anaweza kuzisoma, kuzielewa na kuzitumia hadi mwisho wa shughuli yake bila kusimamiwa na mtu mwingine, huelezwa mara nyingi kama suala la kiufundi lililoingia nchini pamoja na kompyuta. Kaskazini mashariki suala hilo lina mizizi mirefu zaidi, na mizizi hiyo inaeleza kwa nini ufundi peke yake hautatosha, na vilevile kwa nini watu wa eneo hilo wana mfano wao wenyewe wa kuigwa.

Buna, mji mdogo ulioko kaskazini mwa Kaunti ya Wajir katika njia ya kutoka Wajir kwenda Moyale, unaonyesha vizuri jinsi hali hiyo ilivyojengeka. Mahali hapo palijulikana kwa visima na malisho, nako ndiko watu wa Ajuran, Degodia na Garre walikoingiliana kwa ndoa, kwa biashara ya mifugo na mara nyingine kwa ugomvi wa maji. Lugha za nyumbani ni Kisomali na Kiborana, huku Kiswahili kikiwa lugha ya askari, ya mwalimu na ya ofisi. Machoni pa utawala wa Kiingereza, Buna ilikuwa kituo cha mpakani kabla ya kuwa makazi ya watu, na mwaka 1940 majeshi ya Italia yaliyokuwa yameiteka Moyale yalisogea kusini hadi hapo kabla ya kurudishwa nyuma mwaka uliofuata. Serikali ya mahali kama hapo ilijengwa kwa ajili ya ulinzi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kujua nani anapita, anatoka wapi na ana ruhusa gani.

Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 iliiwezesha serikali kuifunga wilaya nzima, na kufikia mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo eneo hili lilikuwa sehemu yake, ilikuwa imetangazwa kuwa eneo lililofungwa, ambamo mtu hakuingia wala kutoka bila pasi. Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 iliwaongezea maofisa mamlaka ya kuamua watu wakae wapi na wapite wapi. Baada ya uhuru, vita vya miaka ya 1963 hadi 1967, vinavyokumbukwa kwa jina la vita vya shifta, viliacha nyuma yake sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991. Na mnamo Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali waliotimiza umri wa miaka 18 wahakikiwe upya, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho cha kawaida. Uhakiki, yaani utaratibu wa mwombaji wa kitambulisho kusimama mbele ya kamati ya wazee na maofisa wa usalama ili aulizwe ukoo wake, jilibu yake (tawi la ukoo), chifu wake na majina ya babu zake, uliendelea katika kaunti za mpakani kwa zaidi ya miongo mingine mitatu.

Utaratibu huo haukuandikwa kwa nia ya kumzuia mtu mwenye ulemavu, na hilo ndilo linalofanya madhara yake yawe magumu kuonekana. Kamati iliuliza kwa mdomo na kungoja majibu ya mdomo, hivyo kijana kiziwi ambaye nyumbani kwao hakuna aliyejua lugha ya ishara alikuwa na majibu yote kichwani bila njia ya kuyatoa. Usajili ulitaka alama za vidole kumi, hivyo aliyepoteza vidole kwa ukoma au kwa risasi alianza na maelezo kabla ya kuanza na jina. Safari ya kwenda makao ya wilaya ilifanywa kwa lori la mifugo au la bidhaa, na mwenye miguu iliyopooza alipandishwa juu ya magunia kama mzigo, tena akiwa hana hakika kwamba ofisa angekuwepo siku hiyo.

Wajir, hata hivyo, ina ukurasa mwingine katika historia hii, nao unastahili kusomwa kwa utulivu. Mapema katika miaka ya 1970 mwanamke wa Kiitalia, Annalena Tonelli, aliyekuwa amefika Kenya mwaka 1969 kama mwalimu, alihamia Wajir na kuanza kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu. Tatizo aliloliona halikuwa ukosefu wa dawa peke yake. Tiba ya wakati huo ilidumu mwaka mmoja au zaidi, hospitali ilimtaka mgonjwa alale kitandani wodini, na mfugaji ambaye ngamia wake wanafuata mvua hakuweza kukaa hivyo. Alipopata nafuu kidogo aliondoka, ugonjwa ukarudi, na safari hii ukiwa sugu. Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wahamahamaji, na mahali pa kutibia palipojulikana kama Manyatta ya Kifua Kikuu pakaanzishwa pembeni mwa mji. Pale mgonjwa alisimamisha kibanda chake mwenyewe cha miti na mikeka, akaishi na jamaa yake, akala chakula alichokizoea, na kila siku akameza dawa mbele ya mhudumu kwa muda wa takriban miezi sita, hadi akapona. Njia ya kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa kwa muda mfupi ilikuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa nchi zote katika miaka ya 1990, na majaribio ya Wajir yanahesabiwa miongoni mwa yaliyoitangulia.

Maana ya jambo hilo kwa historia ya ulemavu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Hospitali iliyokuwepo ilikuwa nzuri kwa vipimo vyake yenyewe, ila ilidhani kwamba mgonjwa ni mtu wa kukaa mahali pamoja. Manyatta ilianza na maisha ya mgonjwa yalivyo, ikaitengeneza huduma iyafuate. Wataalamu wa tovuti wanapozungumza leo kuhusu kubuni kunakowahusisha watumiaji wote tangu mwanzo, wanazungumzia kanuni ambayo Wajir iliijaribu kwa miti na mikeka karibu miaka 20 kabla ya intaneti kufika Kenya. Tonelli na wenzake waliongeza kituo cha kuwarudishia viungo nguvu watu wenye ulemavu wa mwili, na shule ya watoto viziwi, mambo ambayo serikali ya wakati huo haikuyapa nafasi katika mipango yake ya eneo hilo.

Februari 1984 wanaume wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakazuiliwa siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa na askari. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa walikuwa 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa 2013 ilisema huenda idadi ilikaribia 1,000. Tonelli alisaidia kuokoa majeruhi na kukusanya majina ya waliouawa, na katikati ya miaka ya 1980 akalazimishwa kuondoka Kenya. Katika eneo hili ulemavu una sababu za kisiasa pamoja na za kimaumbile: kuna waliozaliwa nao na kuna waliotiwa, na waliotiwa na mkono wa dola ndio waliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kuogopa kurudi mbele ya meza ya dola hiyo kuomba msaada.

Tonelli alihamia Somalia, na mwishowe akatulia Borama, ambako aliuawa Oktoba 2003, mwaka uleule alipopewa Tuzo ya Nansen ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi. Kabla ya hapo, mwaka 1997, shule ya viziwi ilikuwa imefunguliwa Borama, na lugha iliyofundishwa humo ilitoka kwa viziwi waliosoma Wajir. Lugha ya Ishara ya Somalia, inayotumika leo Somalia na Djibouti, inahesabiwa na watafiti kuwa imechipuka kutoka Lugha ya Ishara ya Kenya kwa njia hiyo. Mji ambao ramani za Nairobi zilizoea kuuonyesha kama pembe kavu ya nchi ndio uliotoa lugha kwa viziwi wa nchi nyingine mbili. Jambo hili halitajwi vya kutosha, wala halikuwa mezani pale maofisa walipoamua ni lugha zipi ziwekwe katika tovuti za umma.

Sababu nyingine za ulemavu ziliendelea kuja na maradhi. Mwishoni mwa 2006 Kenya iliripoti polio baada ya kukaa zaidi ya miaka 20 bila ugonjwa huo, na virusi vilionekana katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa; mwaka 2013 mlipuko mwingine katika eneo hilohilo uliwapoozesha watu 14. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaomwambukiza binadamu kwa mbu na kwa kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa, ilipiga eneo la Garissa baada ya mafuriko ya 1997 na tena kuanzia Desemba 2006, nayo huweza kuharibu sehemu ya nyuma ya jicho na kumwachia mgonjwa uoni hafifu au upofu. Wafugaji wazima wenye akili timamu na deni la kulipa, waliokuwa wakisoma karatasi mwaka mmoja, wangeweza kujikuta mwaka unaofuata hawaioni.

Pamoja na hayo, hesabu rasmi zinaonyesha ulemavu kidogo kuliko kwingine. Sensa ya 2019 iliuliza juu ya ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, ikapata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani kama watu 900,000, walikuwa na ulemavu. Kaunti za kaskazini mashariki zilikuwa miongoni mwa zenye viwango vya chini kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2008 ulikuwa umekadiria asilimia 4.6 kwa nchi nzima. Ni vigumu kuamini kwamba eneo lenye vita, polio, uhaba wa wakunga na umbali mrefu wa hospitali lina walemavu wachache kuliko maeneo yenye hospitali kila baada ya vilima viwili. Maelezo yaliyo karibu na akili ni kwamba karani hakuwafikia, au mkuu wa nyumba hakuwataja, au swali lililotafsiriwa papo hapo kutoka Kiingereza hadi Kisomali lilipoteza makali yake njiani. Asiyehesabiwa hatengewi fedha, na tovuti ya kaunti inayobuniwa kwa takwimu hizo hubuniwa kana kwamba hayupo.

Sheria ya nchi ilibadilika polepole. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, iliyoanza kutumika 2004, iliunda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ikawapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha, ikataka mkalimani wa lugha ya ishara katika taarifa za habari za televisheni, na ikagusa simu, mabasi na barua. Tovuti haikutajwa, na kwa wakati ule hilo halikuwa ajabu. Mei 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinazitaka nchi kuhakikisha ufikikaji wa majengo, usafiri na taarifa, intaneti ikiwemo. Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi: kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na taarifa, pamoja na kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa, na kifungu cha 7 kinaitaka dola kukuza lugha za wenyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya na breli. Breli ni maandishi ya vitone vilivyoinuka yanayosomwa kwa ncha za vidole.

Wakati huo ulimwengu wa kompyuta ulikuwa umekwisha kujiwekea kanuni. Muungano unaosimamia viwango vya wavuti duniani ulianzisha mpango wake wa ufikikaji mwaka 1997, ukatoa toleo la kwanza la miongozo yake 1999, la pili Desemba 2008, na marekebisho 2018 na 2023. Miongozo hiyo inasimama juu ya mambo manne: kilichomo katika ukurasa kiweze kutambuliwa kwa hisi zaidi ya moja, kiweze kuendeshwa kwa njia zaidi ya moja, kieleweke, na kiwe imara mbele ya vifaa tofauti. Kwa asiyeona, chombo kikuu ni kisomaji skrini, yaani programu inayoyageuza maandishi ya skrini kuwa sauti au breli. JAWS ya Marekani ilikuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1980 kwa bei ambayo wachache Afrika Mashariki wangeimudu. NVDA, iliyoanzishwa Australia 2006 na kutolewa bure, ilibadilisha hali, na simu za Android zilipokuja na kisomaji chake ndani, chombo hicho kilifika hadi kwenye duka la simu la Buna. Nchini Kenya, shirika la inABLE, lililoanzishwa 2009 na Irene Mbari-Kirika, lilijenga maabara za kompyuta katika shule za wasioona, kuanzia ile ya Thika iliyofunguliwa 1946 na Jeshi la Wokovu. Kaskazini mashariki haikuwa na shule ya aina hiyo, na mtoto asiyeona wa Wajir aliyepelekwa shule alilazimika kupelekwa mbali na lugha yake.

Tovuti ya eCitizen, inayokusanya huduma za serikali kuu mahali pamoja, ilianza 2014 kwa huduma chache kama pasipoti, leseni za udereva na usajili wa biashara, mwaka mmoja baada ya vituo vya Huduma kuanza kufunguliwa Nairobi na kisha katika makao ya kaunti, yakiwemo Garissa na Wajir. Mwishoni mwa Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamishiwa humo, na malipo yote ya serikali yakaelekezwa kwenye namba moja. Kwa mtu wa Buna hili lingeweza kuwa badiliko kubwa kuliko yote tangu pasi ya 1926, kwa sababu kwa mara ya kwanza ofisi ingemfuata nyumbani. Mwezi mmoja baadaye shambulio la mtandaoni liliikwamisha eCitizen kwa siku kadhaa, na ikaonekana kwamba mlango ukiwa mmoja, kasoro yake huwafungia wote nje. Kwa watumiaji wa visomaji skrini hali hiyo ya kufungiwa nje haikuhitaji wadukuzi.

Inafaa kuangalia kwa karibu jinsi fomu ya mtandaoni inavyomshinda mtu. Msanifu anapochora kisanduku cha kujaza na kuandika maneno "Namba ya Kitambulisho" juu yake, jicho lenyewe huunganisha maneno na kisanduku. Kisomaji skrini hakiunganishi mpaka mpangaji wa programu aandike katika msimbo kwamba maneno haya ni lebo ya kisanduku kile. Asipofanya hivyo, asiyeona husikia tu "sehemu ya kuandika", kisha "sehemu ya kuandika" nyingine, na fomu ya visanduku kumi na viwili inakuwa vyumba kumi na viwili visivyo na majina. Akikosea, kosa huonyeshwa kwa mstari mwekundu usiosemwa. Akifika kwenye fumbo la picha linalomtaka athibitishe kuwa yeye ni binadamu, anatakiwa kuchagua picha asizoziona. Namba ya siri ya mara moja inatumwa kwenye simu ileile anayoitumia, naye lazima aiache fomu, aisikilize namba, aikumbuke na arudi kabla muda haujakwisha. Tangazo alilolitafuta, akilipata, mara nyingi ni karatasi iliyopigwa mhuri na kupigwa picha, na picha ya maandishi kwa kisomaji skrini ni ukuta mtupu. Hakuna kimoja kati ya hivi kilicho kigumu kurekebisha: lebo ni mstari mmoja wa msimbo, muda unaweza kuongezwa, tangazo linaweza kuwekwa kama maandishi. Kanuni ya miongozo inayotaka maandishi yatofautiane kwa mwangaza na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 inamfaa mwenye uoni hafifu, na inamfaa pia mchungaji mwenye macho mazima anayesoma simu yenye kioo kilichopasuka katika jua la saa saba.

Lakini nyuma ya fomu kuna kitambulisho, na hapo historia ya kale inarudi kwa nguvu zake zote. Akaunti ya eCitizen hufunguliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Katika Garissa na kaunti jirani kuna maelfu ya Wakenya ambao wakati wa ukame familia zao ziliandikishwa kama wakimbizi Dadaab ili wapate chakula na matibabu, na walipofikia umri wa kitambulisho alama zao za vidole zikaonekana tayari katika daftari la wakimbizi, wakakataliwa. Mtoto mwenye ulemavu ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kupelekwa kambini, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na daktari wa viungo na kiti cha magurudumu. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti. Asiye na akaunti haombi kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kwa njia ya mtandao. Asiye na kadi hapati msamaha wa kodi ya mapato, ambao huhusu KSh 150,000 za kwanza za mwezi. Na kadi yenyewe hutanguliwa na uchunguzi wa madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, hivyo mtu wa Buna ambaye tovuti ilimwahidi kumpunguzia safari huanza kwa safari.

Pengo kati ya mtu na mfumo limezibwa kwa mtu wa kati. Zamani alikuwa mkalimani wa disii, kisha mwandishi wa barua nje ya ofisi, na sasa ni kijana wa saiba, duka la kompyuta ambako mteja hulipia kufanyiwa maombi. Watu hawa wamefanya kazi ya maana, na bila wao kaunti nzima ingekwama. Ila asiyeona anapomtajia kijana wa saiba nenosiri lake, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake, amemkabidhi funguo za nyumba yote, pensheni na hati ya ardhi vikiwemo. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyopitishwa kulinda siri za raia, haina la kumfanyia mtu aliyelazimishwa na ubovu wa tovuti kuitoa siri yake mwenyewe. Mpango wa Akiba dhidi ya Njaa, uliowapa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera fedha tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, ulilitazama tatizo hili kwa busara zaidi: pamoja na kadi na alama ya kidole, kaya iliweza kuandikisha mpokeaji wa pili aliyetambuliwa rasmi, atakayemchukulia fedha asiyeweza kufika kwa wakala. Uwakilishi unaoandikwa na kukaguliwa ni kinga. Uwakilishi wa kichinichini ni mwanya. Hadi leo tovuti nyingi za umma zimejengwa kana kwamba wa pili huyo hayupo, ingawa kila ofisa anajua kwamba yupo.

Lugha nayo ni sehemu ya ufikikaji, jambo ambalo wasanifu wa Nairobi hulisahau kwa kuwa miongozo ya kimataifa iliandikwa na watu ambao lugha ya ofisi na ya nyumbani kwao ni moja. Kisomaji skrini kinachosoma Kiingereza cha kisheria kwa sauti safi bado hakijamfikishia ujumbe bibi wa Buna anayeongea Kiborana. Kiziwi aliyesoma Wajir husoma Kiingereza au Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, na video fupi ya lugha ya ishara ingemfaa kuliko kurasa 20 za maelezo. Lakini video ni nzito, bando ni ghali, na minara ya simu ya mpakani imelipuliwa mara kadhaa na al-Shabaab, ikaacha miji mizima bila mtandao. Barabara mpya ya Isiolo, Wajir na Mandera, inayojengwa pamoja na nyaya za intaneti kwa mkopo wa Benki ya Dunia, haipiti Buna. Ukurasa mwepesi wa maandishi yaliyopangwa vizuri, wenye toleo la sauti la dakika mbili linaloweza kusikilizwa kwa simu ya kawaida, ungewafikia wengi zaidi kuliko tovuti yenye picha zinazozunguka za gavana akikata utepe.

Mei 2022 Kenya ilizindua kiwango chake cha kitaifa cha ufikikaji wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari, KS 2952, kilichoandaliwa na Shirika la Viwango la Kenya kwa ushirikiano na inABLE, kwa kufuata kiwango cha Ulaya. Februari 2025 rais alitia saini mjini Wajir tangazo la kuukomesha uhakiki maalumu wa vitambulisho kwa kaunti za mpakani, na Mei mwaka huohuo akaidhinisha Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003 na kuzipa kaunti wajibu wake. Kwa miezi mitatu hiyo mambo mawili yaliyokuwa yakienda njia tofauti kwa karne nzima, haki ya kutambuliwa kuwa raia na haki ya kuhudumiwa kwa mwili ulio nao, yalikutana katika vitabu vya sheria. Yamebaki kukutana katika zabuni. Serikali hutenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na mfanyabiashara asiyeona wa Garissa ana haki katika fungu hilo. Lakini tangazo la zabuni likitolewa kama picha ya karatasi, haki yake inaishia kwenye picha hiyo. Tovuti zenyewe pia hununuliwa kwa zabuni. Mkataba wa kujenga tovuti ya kaunti ukitaja KS 2952 kwa jina, ukamzuia mjenzi asilipwe fungu la mwisho mpaka kazi yake ijaribiwe na asiyeona wa Wajir mwenye simu ya Android, na kiziwi aliyesoma katika shule ya mji huo, na mzee wa Buna ambaye vidole vyake havisomeki na ambaye mwanawe ameandikishwa kumwakilisha, basi kaunti itakuwa imefanya kwa msimbo kile ambacho Manyatta ilifanya mwaka 1976, na itakuwa imekifanya kwa fedha zilizokwisha kupitishwa katika bajeti yake.